Kanga Zilizolala Sandukuni

Yeyote aliyewahi kubaki msibani mpaka siku ya kuanua matanga anaijua saa ile ambayo akina mama wa ukoo huingia chumbani kwa marehemu na kufungua sanduku lake. Wanaume wako nje mkekani, wanazungumza habari za shamba na madeni. Ndani, shangazi mkubwa hukaa kitandani, mabinti na wakwe hukaa chini, na vitu huanza kutolewa kimoja kimoja. Juu kabisa ziko nguo za kila siku, zilizochanika zikashonwa, kisha zikachanika tena. Chini yake, zimefungwa ndani ya shuka na zinanuka naftalini, ziko kanga. Doti baada ya doti. Nyingine hazijakatwa wala kupindwa, bado zimekakamaa kama zilivyotoka dukani. Kanga aliyopewa siku ya kipaimara cha binti wa kwanza. Kitenge cha harusi ya mwanawe. Shuka mbili nyeupe ambazo hazijawahi kutoka katika mfuko wake wa nailoni. Na hapo mmoja husema kwa sauti ndogo: mama hakuvaa hata moja.

Kisha vitu hugawanywa, na kila mmoja huondoka na kifurushi chake. Ajabu ni kwamba wengi wetu, tukifika nyumbani na ile doti tuliyogawiwa, tunaikunja vizuri na kuitia katika sanduku letu.

TUSIMLAUMU HARAKA

Mpendwa msomaji, usidhani kwamba mama yule alikuwa mchoyo au hakujua kujipenda. Wale waliokuwa na nyumba zao Tanzania katika miaka iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 wanakumbuka jinsi sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo zilivyoadimika madukani. Watu walipanga foleni tangu alfajiri bila kujua foleni ile ni ya nini. Muhimu ilikuwa kuwamo. Mtu akipata kanga, mtaa mzima ulijua. Hali ilianza kulegea serikali iliporuhusu bidhaa nyingi zaidi kuingia kutoka nje mwaka 1984. Sasa mama aliyepata doti moja kwa kusimama juani siku nzima, utamwambiaje aifunge kiunoni akienda kuchota maji? Kuitunza ilikuwa akili. Vivyo hivyo vile vikombe vya maua vilivyo juu ya kabati ambavyo watoto wanakatazwa hata kuvinyooshea kidole: ni heshima kwa mgeni, na heshima kwa mgeni ni sehemu ya malezi yetu na ya imani yetu pia.

Lakini foleni zile ziliisha, na sanduku likabaki limefungwa. Hapo ndipo pa kuangalia. Tabia iliyotuokoa katika shida inaweza kukaa nasi mpaka tukasahau kwa nini tuliianza, ikaacha kuhusu nguo ikaanza kuhusu maisha yenyewe.

UGONJWA WA "NIKISHA"

Hebu tujisikilize tunavyosema. Nikishaolewa nitatulia. Nikishajifungua nitarudi kwaya. Watoto wakishamaliza shule nitapumzika. Tukishahamia kwetu nitaalika jumuiya. Binti anangoja kuwa mke, mke anangoja kuwa mama, mama anangoja watoto wakue. Wakishakua, anakaa sebuleni anazitazama picha zao ukutani na kujiuliza walikua lini, yeye akiwa wapi.

Kila "nikisha" peke yake ina maana yake. Nyumba haijengwi kwa siku moja na ada hailipwi kwa nyimbo. Ubaya unaingia pale ambapo siku ya leo inageuka kuwa njia tu ya kupitia, kama kituo cha basi kisicho na kivuli, ambapo kila mtu anatazama barabara na hakuna anayemtazama aliye karibu naye. Mtoto wako mwenye miaka 4 atakuwa na miaka 4 mwaka huu tu. Leo anakuja jikoni anataka kusaidia kuchambua mchele. Tunamfukuza kwa sababu anatuchelewesha na mchele unamwagika. Akifika miaka 14 tunamwita jikoni, haji, nasi tunalalamika kwa majirani kuhusu watoto wa siku hizi.

Hata wahenga wetu, kwa hekima yao yote, wametuacha kidogo hapa. Tunapenda kusema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Vizuri. Yaliyopita yametajwa, yajayo yametajwa. Leo imepita katikati bila kuamkiwa. Heri yule mwingine aliyesema kwamba linalowezekana leo lisingoje kesho.

AKIBA ILIYOOZA

Wahenga hao hao walisema akiba haiozi. Yuko mahali pamoja katika Biblia ambapo akiba ilioza, tena usiku mmoja. Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 16.

Wana wa Israeli wametoka Misri, wako katika jangwa la Sini, chakula kimekwisha na manung'uniko yameanza. Mungu anawapa mana. Agizo ni rahisi: kila asubuhi kila mtu aokote kiasi cha kumtosha siku ile, pishi moja kwa kichwa. Akina mama wa zamani wanaijua pishi, ni vibaba vinne. Jua likipanda, kilichobaki uwandani kinayeyuka. Na hakuna kuweka mpaka kesho. Kama kawaida ya binadamu, wapo walioweka. Asubuhi wakakuta mabuu na uvundo.

Watu wale walikuwa watumwa juzi tu. Hawakuwahi kuwa na ghala lao wenyewe. Kumwambia mtu aliyetoka katika njaa asiweke kitu ni kumtaka afanye jambo gumu kuliko kutembea jangwani. Sidhani kama waliofungia mana ndani ya hema walikuwa wabaya. Nadhani walikuwa wazazi waliokuwa wanahesabu vichwa vya watoto wakati wa kulala.

Lakini soma mpaka mwisho wa sura, kwa maana wahubiri wengine huishia kwenye mabuu. Siku ya sita watu waliambiwa waokote maradufu, waweke kwa ajili ya Sabato, na sehemu ile haikuoza. Tena pishi moja iliwekwa katika chombo ili wajukuu waione. Kwa hiyo Mungu hakukataza akiba. Yusufu aliweka nafaka ya miaka saba na akaokoa mataifa. Mithali inatutuma kwa chungu tukajifunze. Akiba yenye kazi yake inakaa salama: ada ya Januari, mbegu za masika, fedha ya upatu, bati za kuezekea. Kinachooza ni kile tunachokificha kwa hofu tu, bila kujua kitatumika lini wala kwa ajili ya nani. Dada, ukitaka kujua kitu chako kiko upande gani, jiulize siku ya kukitumia ni ipi. Kama ipo, hata iwe mbali, hiyo ni akiba. Kama hukuipata, basi ni mana ya jana.

Na Bwana wetu alipowafundisha wanafunzi kuomba, aliwafundisha kuomba riziki ya siku moja. Waliokuwa wanamsikiliza wengi walikuwa wavuvi na vibarua, watu ambao mshahara wao ulipimwa kwa siku. Walimwelewa haraka kuliko sisi wenye kalenda za ukutani.

MPISHI WA PARIS

Wapo watakaosema: haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Mimi siku yangu ni moto, maji, nguo chafu na mume anayeuliza chai. Niishi leo kivipi? Leo yangu ndiyo ninayotaka kuikimbia!

Kwa ajili ya dada huyo, nataka nimtaje mwanamume mmoja aliyeshinda jikoni. Alizaliwa Lorraine, katika Ufaransa ya leo, karibu mwaka 1614, jina lake Nicolas Herman. Alikuwa askari katika vita vilivyoiharibu Ulaya kati ya 1618 na 1648, akaumia mguu, akabaki anachechemea. Baadaye akafanya kazi ya utumishi nyumbani kwa bwana mmoja, na mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa mzito wa mikono, anavunja kila kitu. Mwaka 1640 alipokewa na watawa Wakarmeli mjini Paris kama bruda, akaitwa Ndugu Lawrence wa Ufufuo. Wakampeleka jikoni.

Jiko hakulipenda. Tusilipambe jambo hili. Kwa tabia yake alichukia kupika, na alikaa huko miaka kama 15. Alipotumwa mbali kwenda kununua mvinyo wa nyumba, ilikuwa taabu juu ya taabu: biashara haijui, mguu mbovu, na ndani ya mashua alisogea kwa kujiviringisha juu ya mapipa. Lakini katika jiko lile lenye kelele, sufuria zinagongana na watu wanamwita huku na huku, alijizoeza jambo moja: kile kilicho mkononi sasa hivi, akifanye kwa ajili ya Mungu aliye pale pale sasa hivi. Hata kugeuza yai kikaangoni. Alifika mahali ambapo saa ya kazi na saa ya sala hazikutofautiana tena kwake. Mguu ulipozidi kuuma alihamishiwa kazi ya kushona viatu vya watawa, akaendelea vile vile.

Hakuandika kitabu. Padri mmoja, Joseph de Beaufort, alianza kuzungumza naye mwezi Agosti 1666 na kuyaweka mazungumzo yao, na baada ya bruda huyo kufariki mwaka 1691 yakachapishwa pamoja na barua zake. Tangu hapo kitabu hicho kidogo kimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti sawasawa, zaidi ya miaka 300.

Angalia kwamba kazi yake haikubadilika. Hakungoja atolewe jikoni ndipo aanze. Wala hakujidanganya kwamba vitunguu havimtoi machozi. Akina mama wengi wanapika huku mioyo yao iko kwenye ugomvi wa jana na bili ya kesho, na mboga zinaungua. Mara moja tu kwa siku, pengine unapokuna nazi au unapopepeta mchele, jaribu kuikuna nazi hiyo na kuacha mengine yote yakusubiri mlangoni. Utashangaa jinsi ilivyo vigumu, na jinsi mabega yanavyoshuka.

MANUKATO YALIYOWAHI

Siku sita kabla ya Pasaka, Bwana Yesu alikuwa Bethania mezani. Martha alikuwa anaandaa, kama kawaida yake (na safari hii hakuna mahali anapolalamika, jambo ambalo mahubiri juu ya Martha huwa yanalisahau). Mariamu akaja na ratli ya manukato ya nardo safi, akampaka Yesu miguu, nyumba nzima ikajaa harufu. Thamani yake ilitajwa pale pale na Yuda: dinari mia tatu. Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu kibarua analipwa dinari moja kwa siku, basi hesabu mwenyewe. Ni karibu kazi ya mwaka mzima.

Manukato ya bei hiyo ndiyo kitu cha sandukuni hasa. Ni mali ya kuwekwa. Mariamu aliyatoa yote jioni moja ya kawaida, kwa sababu aliyempenda alikuwa ameketi mbele yake.

Sasa vuka mpaka Jumapili asubuhi, siku chache tu baadaye. Wanawake wengine, nao wenye upendo wa kweli, wanakwenda kaburini alfajiri na manukato waliyoyanunua. Nikodemo alikuwa ametangulia siku ya maziko na mchanganyiko wa manemane na udi kama ratli mia. Aliwahi, ila aliwahi maiti. Akina mama wale wa alfajiri hawakumkuta hata wa kumpaka. Kwao ilikuwa habari njema kuliko zote duniani, maana Bwana amefufuka. Lakini vyombo vyao walirudi navyo vimejaa.

Tazama tunavyozika siku hizi. Turubai, viti vya kukodi, spika, sufuria za kupikia watu mia tatu, mtu wa kupiga picha za video. Sisemi tuache, kuzikana ni upendo, na anayezika peke yake ana mateso mawili. Ila yuko bibi aliyetuma salamu tangu Krismasi kwamba anatamani kuwaona wajukuu, akajibiwa kwamba nauli ni taabu mwaka huu. Nauli ya watu wawili ilikosekana. Alipofariki, nauli ya basi zima ilipatikana kwa usiku mmoja.

NA KAMA LEO NI CHUNGU?

Kuishi leo si kusema kwamba leo ni njema. Zaburi nyingi ni vilio vya watu ambao siku yao ilikuwa mbaya, nao walimwambia Mungu hivyo bila kupaka sukari. Mama anayeuguza hatakiwi kutabasamu kwa ajili yetu.

Na nitaje jambo moja ambalo kurasa kama hizi hulipita haraka. Mwanamke anayepigwa nyumbani huwa na "nikisha" yake, nayo ni mbaya kuliko zote: "atabadilika". Akishapata kazi atabadilika, mtoto akishazaliwa atabadilika. Dada, kwako wewe kuitumia leo ni kumwambia mtu leo. Mama mchungaji, shangazi, mshenga wenu, ofisa wa ustawi wa jamii, polisi. Uvumilivu aliousifu mtume Paulo si huu.

VITABU VYA AKINA MAMA WA UGANDA

Miaka ya 1990 akina mama wengi Afrika Mashariki waliambiwa na daktari neno ambalo wakati ule lilikuwa na maana moja. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazikuwafikia. Nchini Uganda baadhi yao waliungana mwaka 1992 wakaunda chama chao, NACWOLA, na kufikia mwishoni mwa miaka ile wakawa wameanza kazi moja ya ajabu: kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wazo lenyewe lilikuwa limetumika kwanza Uingereza, pamoja na akina mama wahamiaji kutoka Afrika.

Vilikuwa vitabu vya mkono. Mama aliandika ukoo wake na ukoo wa baba, mtoto alizaliwa wapi na siku ile ilikuwaje, nani alimpa jina, alianza kutembea lini, anapenda chakula gani, aliwahi kuugua nini. Akabandika picha kama ipo. Asiyejua kuandika alisimulia, mwingine akaandika. Kusudi la kwanza lilikuwa la huzuni: mtoto akibaki yatima asipoteze asili yake, ajue shamba la babu liko wapi na ndugu zake ni akina nani.

Lakini kitabu hakikuandikwa mafichoni. Kiliandikwa mtoto akiwa karibu, na mtoto huuliza. Kwa hiyo nyumba ambazo ugonjwa ulikuwa siri kubwa, watu walianza kuzungumza. Mtoto aliyekuwa anaona mama anakonda bila kuambiwa chochote alipata la kushika. Tena mama aliyekaa kuandika jinsi binti yake alivyocheka mara ya kwanza, saa ile hakuwa anakufa. Alikuwa anamlea binti yake.

Kuanzia mwaka 2004 dawa zilianza kutolewa bure Uganda. Wapo waliokuwa wamekwisha kutangulia. Wapo waliopona kitandani, wakarudi shambani na sokoni, vitabu vya kuaga vikiwa bado vimo nyumbani. Mama aliyeandika ukurasa wa mwisho akabaki na kurasa za kuongeza.

Wewe na mimi hatuhitaji kungoja neno la daktari ndipo tuchukue kalamu. Kama mama yako au bibi yako yu hai, chukua daftari la shule, lile la kawaida, ukae naye jioni moja akiwa ameshiba. Usianze na maswali makubwa, atakuambia hakumbuki. Muulize jina lake lilitoka kwa nani. Muulize nyumba waliyokulia ilikuwa na milango mingapi na mlango mkubwa ulitazama wapi, walikuwa wanachota maji mto gani, mwalimu wa kwanza alikuwa nani, siku ya harusi walipika nini, ni mtoto gani aliyemsumbua kuzaliwa. Andika kama anavyosema, kwa lugha anayoisema, hata kama ni ya kabila na wewe unaisikia nusu nusu. Watoto wakija kukaa karibu, waache wakae. Akicheka, usimkimbize kwenye swali linalofuata. Akichoka, funga daftari, mwekee maji ya kuoga, na mwendelee siku nyingine.